Kanga Yangu Kwenye Foleni

Ukiishi upande wetu wa mlango wa Ruvuma, simu yako haina msimamo. Mara inashika mnara wa Msumbiji, mara inashika wa Tanzania, na kila ikihama inajirekebishia saa yenyewe, kwa sababu nchi hizi mbili zimepishana saa moja, Tanzania ikiwa mbele. Niko kwenye cherehani, natupa jicho, ni saa nne. Nakunja pindo moja, natazama tena, ni saa tatu. Siku za mwanzo nilikuwa nacheka. Sasa nimezoea kuishi hivyo, muda ukija na kuondoka kama paka wa jirani.

Ndiyo maana watu wa huku tuna adabu yetu. Ukiahidiana na mtu, iwe ni harusi au ni mkungu wa ndizi, lazima umuulize, "Saa ya wapi?" Asiyeuliza anajulikana kuwa ni mgeni.

Mimi ni Mtanzania. Nilizaliwa Msimbati, nikaolewa ng'ambo, Msumbiji, na giza likiingia naziona taa za visima vya gesi vya kwetu kutoka uani kwangu, zikielea juu ya maji, mahali ambapo huwezi kusema ni bahari au ni mto. Wanangu walipokuwa wadogo walidhani ni nyota za chini. Sikuwasahihisha. Mara nyingine nilikaa nikizitazama mpaka nikasahau nimekaa nchi gani, nikamwita mama yangu aniletee chumvi.

Lakini kisheria niko nje ya nchi. Binamu yangu yuko Maskati, na huyo tukisema yuko nje tunaelewana. Mimi, mama yangu akichoma samaki, nakaribia kupata harufu. Siku ya kura, hata hivyo, sisi wawili tuko sawasawa, maana nchi yetu haimwekei sanduku mtu aliye ng'ambo ya mipaka yake. Ukitaka kupiga kura, rudi ukasimame mwenyewe kwenye kituo ulichojiandikisha.

"Wewe una bahati," binamu huniambia kwenye simu. "Mwenzio nimetengwa na bahari nzima. Wewe una mto tu."

Anayeniudhi hasa ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye ni Mmsumbiji, anauza vitenge Chikongola, Mtwara mjini, na uchaguzi wa kwao ukifika, nchi yake humpelekea sanduku huko huko ugenini. Anakuja kutusalimia kidole kina wino. "Shemeji," anasema, "nyie kwenu hamjui kuhesabu walio mbali?" Ni utani, na utani haununiwi. Ila siku hiyo sahani yake huwa naipunguza nyama.

Kwetu tunajua sana kuhesabu walio mbali. Mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama, na kuolewa ng'ambo ya mto hakukutoi kwenye ukoo. Katika ukoo wetu, msichana akiondoka huacha kipande kimoja cha doti ya kanga yake, kingine anakwenda nacho. Ukiitwa mkutano wa ukoo, labda mtu anaoa au mikorosho inagawanywa, kile kipande kinatandikwa mkekani, mahali pake, na hakuna anayekikalia. Mjomba, kaka yake mama, anauliza, "Mwenye nguo hii anasemaje?" Na mama mzazi anajibu kwa niaba yake. Nimeshakubali ndoa mbili na kukataa uuzaji wa shamba moja nikiwa kwenye cherehani yangu Msumbiji, sina habari. Napigiwa simu baadaye: "Kanga yako imekataa." Nami nasema, "Imefanya vizuri."

Basi mama yangu alipofanya alichofanya siku ya uchaguzi, hakuwa amepotewa na akili.

Mwaka ule nilikuwa na hamu kuliko miaka mingine nilipovuka kwenda kupiga kura. Kulikuwa na suala la zahanati. Jengo lilikuwa limesimama bila bati, mbuzi wakilala ndani, na miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba. Kila akienda kupimwa ilikuwa ni safari ya kuomba lifti kwenye magari ya kuelekea Madimba. Kati ya waliogombea udiwani, mmoja tu ndiye aliyewahi kuingia ndani ya lile jengo na kufukuza mbuzi. Kura yangu ilikuwa ni ya miguu ya mama. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema miguu yake haijawahi kuwa na chama.

Asubuhi ya siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa. Boti za faiba zililala kwenye tope la mikoko, ikabidi kungoja maji yajae. Usiku uliotangulia nilikuwa nimempigia nahodha wetu, Mmsumbiji, nikamwambia tuondoke saa saba mchana. Akasema sawa. Sikumuuliza saa ya wapi. Mimi, ambaye nimewacheka wageni wangapi kwa kosa hilo! Moyo wangu ulikuwa umeshafika nyumbani, na mtu aliyefika kwao hajiulizi yuko wapi.

Nilikaa kivulini pwani na kadi yangu ya mpiga kura mkononi, ile yenye picha ya msichana mwenye mashavu. Jua lilikuwa jeupe. Maji yalipanda kwenye mizizi ya mikoko bila sauti, kaa wakirudi nyuma hatua kwa hatua kama watu wanaomuaga mkubwa. Nadhani nilisinzia. Niliota nimeshapiga kura, na karatasi ilikuwa laini kama kitambaa, nikaikunja pindo. Nahodha alipokuja nilitazama simu: saa saba kamili. Nikamsifu kwa kutunza ahadi, akafurahi.

Tulikwenda polepole, maana mlango wa Ruvuma una mafungu ya mchanga yanayohama, na pengine ilibidi ainue mashine tuelee. Sikuwa na wasiwasi. Vituo vinafungwa saa kumi jioni, nami niliona nina muda wa kufika, kunawa miguu na kumsalimia mama kabla ya foleni. Upande mmoja maji yalikuwa ya kahawia, upande wa pili ya buluu, na sisi tulikuwa kwenye mshono wake. Nilikuwa na raha. Nasema hivyo kwa sababu sijawahi kuwa na raha kama ile tena juu ya maji yale.

Nyumba za Msimbati zilipoanza kuonekana, simu ikatetemeka mkononi. Ilikuwa imeonyesha saa tisa kasorobo. Sasa ilionyesha saa kumi kasorobo.

Nilimtazama nahodha. Alinitazama. "Saa ya wapi ulisema?" akaniuliza kwa sauti ndogo, na sote wawili tulijua kwamba swali hilo lilikuwa limechelewa tangu jana.

Yaliyokuwa yakiendelea huko shuleni, kwenye kituo, nilisimuliwa baadaye na mama na watu waliokuwepo, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Mama alikuwa amepiga kura yake mapema asubuhi. Kisha akatoka, akarudi mwisho wa foleni, akakitandika chini mchangani kipande changu cha kanga. Wanawake walikielewa mara moja. Kila aliyekuja alikaribishwa apite mbele, "Pita, mama, mwanangu bado yuko njiani," na mama akakivuta kipande nyuma kidogo ili kibaki cha mwisho. Alipokwenda kuswali adhuhuri, wengine walikitunza. Jirani mmoja alisema, "Hii kanga ina subira kuliko mwenyewe." Maandishi yake yalisema HASIDI HANA SABABU, na askari alipoyasoma aliita wenzake kuhakikisha kwamba si kampeni. Wakaigeuza huku na huku wakitafuta rangi za chama, wakairudisha pale pale mchangani.

Kuna sheria moja ambayo kila mtu pwani ile aliijua siku hiyo. Saa kumi ikifika, walioko kwenye foleni hawafukuzwi. Askari huenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho, ili asiongezeke mwingine, na wote walio mbele yake watapiga kura hata kama ni mpaka jioni. Basi saa kumi ilipofika, askari alikwenda kusimama mwisho wa foleni. Na mwisho wa foleni ilikuwa ni kanga yangu.

Nilifika nikikimbia, nguo zimelowa mpaka magotini, mchanga umenijaa viatuni. Watu wote walikuwa wameshapiga kura. Mbele ya mlango wa darasa alikuwepo msimamizi wa kituo, mwalimu wa kutoka bara, kijana mwenye miwani. Mbele yake alikuwa mjomba, na mama, na kanga chini, na askari nyuma ya kanga akiwa hajui aondoke au abaki.

"Bwana mkubwa," mjomba alikuwa anasema, "askari wako kasimama nyuma ya nani?"

"Nyuma ya foleni, mzee wangu."

"Na foleni imeishia kwa nani?"

"Mzee wangu, hii ni nguo."

"Ni nguo ya ntu," mama akasema. "Na ntu mwenyewe huyo anakuja. Haya, nwangalie. Ndiye huyo kwenye kadi, kasoro mashavu."

Watu wakageuka kunitazama. Hakuna aliyecheka. Nilimpa msimamizi kadi yangu. Aliitazama, akanitazama, akatazama saa ya mkononi mwake, kisha akaitazama kanga kwa muda mrefu kuliko vyote. Ndani, mawakala wa vyama walikuwa wameinua vichwa. Nilikuwa naisikia bahari kwa mbali, na nikawa kama mtu anayeota anayejua kwamba anaota. Niliona kabisa kwamba atasema ndiyo. Nilijiona naingia, nashika kalamu.

"Dada," akasema, "ungekuwa umesimama hapa mwenyewe ilipofika saa kumi, hata kama ungekuwa wa mia, ningekungoja. Naona kwamba una haki. Na naona kwamba mama yako amekaa na nguo hii tangu asubuhi. Lakini siwezi kuandika kwamba nguo ilikuwa wewe."

Nililia. Sisemi kwamba machozi yalinilengalenga. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya ukuta uliochorwa tembo na herufi za watoto wa darasa la kwanza. Sikumchukia yule kijana. Nilichukia kwamba alikuwa anasema kweli, na kwamba mama naye alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa katikati nikiwa na mchanga viatuni.

Msimamizi akainama, akaiokota kanga. Akaikung'uta, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu aliyelelewa na mama. Akanipa kwa mikono miwili. "Samahani, mama," akasema, lakini hakuwa anazungumza na mimi. Kisha akaingia ndani, na mlango wa darasa ukafungwa, na tukasikia sauti ya meza zikiburutwa.

Jioni ile mama alipika ugali wa muhogo na samaki wa chukuchuku, ndimu nyingi, kama ninavyopenda. Tulipokula mkono wake ulikuwa unaingia kwenye bakuli na kutoka, na kidole chake kidogo kilikuwa na wino. Nilijitahidi kutokitazama. Miguu yake aliinyoosha juu ya mkeka, nikaikanda kwa mafuta ya nazi mpaka akasinzia.

Asubuhi alinisindikiza pwani. Alitembea taratibu, akipumzika kila baada ya hatua chache na kujifanya anaangalia mikorosho. Nilibeba kanga begani. Tulikaa tukingoja maji, tukiongea habari za watoto, na yule aliyefukuza mbuzi kwenye zahanati hatukumtaja kabisa, maana habari zilikuwa bado hazijatoka na sote tulikuwa tunaogopa kwamba atakosa kwa kura moja.

Boti ilipokuwa inasukumwa majini, simu yangu ilitetemeka. Mnara wa ng'ambo ulikuwa umenishika tayari. Nikamwonyesha mama: ilikuwa saa tatu, sasa ilikuwa saa mbili.

"Umeona?" nikamwambia. "Nimerudishiwa saa nzima."

Mama aliitazama simu, akanitazama mimi. "Hiyo saa ungeileta jana, mwanangu," akasema.

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua kanga begani kwangu. "Na hii niachie. Foleni nyingine nitawahi zaidi."

Nilipanda. Nahodha aliniuliza kama tuko tayari, kwa saa ya upande wowote, nikamwambia twende. Mama alibaki amesimama kwenye mchanga na miguu yake iliyovimba, kanga ameikumbatia kifuani, na kila niliposhika simu kutazama saa, nilijikuta namtazama yeye.