Bibi Yuko Stendi, Mimi Napiga Penalti

Niliizima simu. Nianzie hapo hapo, maana nikianza na utamu wa siku ile mtanipenda bure. Bibi yangu alikuwa anapiga kutoka stendi, mimi nina penalti, simu inatetemeka pajani kama ina homa, nikabonyeza kitufe chekundu mpaka kioo kikawa cheusi. Penalti yenyewe nikapaisha.

Najua, niko kidato cha tatu na sina haki ya kusema "enzi zetu". Ila madogo wa siku hizi wananilazimisha. Kila mmoja kajikunyata kona yake na simu ya mama yake, anacheza na mtu asiyemjua hata anaishi wapi, akizidiwa anazima data. Enzi zetu ulifungwa na mtu mnayegusana naye magoti, anakucheka huku unamnusa jasho.

Gemu lilikuwa kwa akina rafiki yangu Godlisten, mtaa wa Sekei. Padi za kuchezea zilikuwa mbili, moja kitufe chake cha kukimbia kimezama, lazima ukichokonoe kwa kucha. Hiyo ndiyo ya mgeni. Mshindi anabaki; aliyefungwa anampisha mwenzake, anakwenda kuchungulia sufuria ya makande. Mama Godlisten alikuwa akipita sebuleni na ndoo anasema yale yale: "Macho mkiyamalizia humo, shuleni mtasomea masikio?" Sisi tunamwamkia upya, "Shikamoo mama," bila kugeuza shingo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, ile ya baridi, mlima umejifunika wingu gubigubi na manyunyu hayakati. Tulikuwa tumehamia Levolosi, kwenye vichochoro vinavyofanana kama mapacha, na bibi alikuwa hajafika nyumba mpya. Anaishi kijijini Akheri na migomba yake. Asubuhi, kabla hajaenda kwenye cherehani yake, mama alinipa simu yake ya akiba, kile kitochi, akasema, "Bibi akishuka stendi atakupigia. Usimwache asimame na mzigo. Umesikia?"

Nilisikia.

Mumjue kidogo huyu bibi. Ni mzee wa kanisa kule kwao, na hasemi uongo hata ule wa adabu. Ukimpa chai mbaya atakwambia ni mbaya, kisha ataimaliza. Aliwahi kuteremka kilima chote kurudisha kiberiti alichozidishiwa dukani. Mimi ananiita "mume wangu", tangu nikiwa chekechea, na kila akija ananifichia ndizi mbivu ili wajukuu wengine wasijue ndoa yetu inaendaje.

"Mechi moja tu," nilimwambia Godlisten. Tukacheza mpira. Tukahamia magari, nikaendesha vizuri mpaka nikatumbukia baharini. Tukahamia ngumi, Godlisten akanipiga mpaka yule mtu wangu akalala, na mimi mwenyewe shingo ikauma. Hapo ndipo simu ikalia.

"Mume wangu, nimeshuka. Nipo hapa kwa mama wa mahindi ya kuchoma."

"Nakuja bibi, nipo njiani," nikasema, nimekaa.

Godlisten akanitazama. "Oya, si uende?"

"Kausha wewe. Turudi kwenye mpira, nikufunge ndiyo niondoke."

Tukatoka sare, tukafika penalti, bibi akapiga tena. Mengine mnayajua.

Kilichotuamsha ni umeme. Ulikatika, kioo kikazima, na tulipogeukia dirishani tukakuta nje nako kunazimika. Nikatoka mbio, Sekei mpaka stendi, nikiahidi mbinguni vitu ambavyo mpaka leo sijatimiza.

Bibi hakuwepo. Mama wa mahindi akanipima juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mume?"

Nikainamisha kichwa.

"Amekaa hapo juu ya mkungu wake wa ndizi tangu mchana, sweta limelowa lote. Kijana wa bajaji alitaka amzungushe watafute nyumba, akakataa. Anasema, mume wangu yuko njiani, akija asiponikuta atahangaika. Sisi tunamngoja mzee mwenye mkongojo." Akageuza hindi moja. "Binti yake kapita hapa akitoka kazini, ndiye kamchukua. Hajasogea hata hatua."

Nyumbani nilimkuta bibi sebuleni amejifunga kitenge cha mama, sweta limetundikwa mgongoni mwa kiti, linadondosha maji. Mama amesimama mlangoni mwa jikoni. Kabla sijapanga uongo wangu, bibi akaniwahi.

"Marahaba, mume wangu," akasema, na shikamoo sijaitoa. "Nilikuwa namwambia mama yako. Wewe ulikuja, mimi ndiye niliyesogea kukimbia mvua. Tukapishana." Akanipa ndizi zangu mbivu. Zilikuwa zimepondeka upande mmoja, upande aliokalia.

Siku hizi bibi hashuki tena mjini, magoti yamegoma. Sisi ndio tunapanda Akheri. Godlisten naye ana gemu kwenye simu, tunacheza kila mtu kwao, nikimfunga simsikii akilalamika, na hakuna makande. Naikumbuka ile sebule. Najisimulia ile siku peke yangu, nacheka, nacheka, mpaka nafika kwenye lile sweta. Simu yangu haizimwi tena. Akipiga bibi naidaka mara moja, akiniuliza niko wapi namwambia ukweli, hata kama niko chooni.

Jioni ile nilingoja fimbo. Nilishavaa hadi suruali ya pili. Mama akaniita jikoni, anamenya ndizi, hakugeuka. Akasema:

"Mama yangu hajawahi kunidanganya tangu anizae. Leo kanidanganya, kwa ajili yako. Mpelekee chai."