Wathome na Mzungu Wake wa Ohio

Mume wangu Wathome alikuwa karani wa stoo hapa Kitengela, mtu wa kawaida tu, mpaka mwaka 1997 alipofungua sanduku la bati la marehemu mama yake. Ndani alipata cheti cha ubatizo cha babu yake, Ndambuki, cha mwaka 1903. Mahali pa jina la baba pameandikwa: Elias Porter, Ohio, Amerika. Na picha ya mzungu mwenye ndevu kando ya farasi, nyuma yake imeandikwa 1871.

Basi! Nyumba yangu ikaisha siku hiyo. Wathome akafuga ndevu. Anajitazama kwenye kioo, pua ya baba yake kabisa, halafu ananiuliza, "Mama Kaluki, huoni hii pua ni ya Porter?" Nikamwambia mimi naona kiazi. "Niko na damu ya Ohio," anasema. Akanunua kitabu kikubwa cheusi, akaandika: Porter alizaliwa 1849, Porter alipanda meli lini, Porter alioa nani. Siku ya kuzaliwa ya Porter aliijua kwa kichwa. Ya Kaluki, binti yetu wa pekee, alikuwa akiniuliza mimi.

Nilichoka, nikamburuta mpaka Bisil kwa baba yake mdogo, Mzee Masila, aliyekuwa akiuza mbuzi sokoni. Huyu ni mtoto wa Ndambuki mwenyewe, wa kwenye cheti. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Baba yangu alikataa kuwamwagia mababu pombe," akasema, "baba yake akamfukuza nyumbani. Siku ya kubatizwa akaulizwa, baba yako ni nani? Akataja yule mzungu aliyempa uji na mahali pa kulala. Na baba yake mzazi alikuwa hai, hapo ng'ambo ya mto tu!"

Mtu mwenye akili angefunga kitabu. Wangu alisema mzee amezeeka, akili imeruka. "Iko imeandikwa," akasema, akigonga cheti kwa kidole.

Miaka ikaenda. Kaluki akipata malaria, ni kaka yangu Mulwa anambeba mgongoni hadi zahanati. Mkutano wa wazazi, Mulwa. Mwaka 2003 Kaluki akaitwa kidato cha kwanza huko Kajiado, akaomba kitu kimoja tu: baba ampeleke. Alimpigia pasi shati kwa mikono yake. Asubuhi Wathome akavaa shati hilo hilo, akaenda nalo Namanga, ati kuna watalii wa Ohio wanavuka mpaka. Ptuu! Mulwa ndiye aliyebeba sanduku la mtoto.

Siku ya wazazi, mheshimiwa akaandamana nami shuleni, ndevu zimechanwa, kitabu kwapani. Mwalimu wa zamu getini akapitisha kidole kwenye rejista.

"Baba ya Kaluki? Pole mzee, huyo ameshaingia. Wewe ni nani wake?"

Akamgeuzia rejista aone. Mahali pa jina la baba, kwa mwandiko wa binti yangu: Mulwa.

Wathome alinigeukia. Miaka sita nilikuwa nimengoja kumcheka mwanamume huyu, na haki ya Mungu, kicheko kilikataa kutoka.

"Hii ni makosa," akasema. "Mama Kaluki, waambie."

"Iko imeandikwa," nikamwambia, nikaingia kumwona mtoto wangu.