Kinyozi Asali na Kangaga ya Mwalimu

Mtaa mzima ulimwita Kinyozi Asali, na jina hilo halikutokana na wembe wake. Mdomo ule! Mtu aliketi kitini na upara unaong'aa, akainuka akiamini nywele zinaota. Mke hakuwa naye. Dada yake alisema kaka huwapenda wanawake mpaka siku wanapopata shida.

Safari hii alimtaka mwalimu wa biolojia, mjane wa nyumba ya pili, na alimtaka kwelikweli, usingizi ukamruka. Mwalimu alipokwenda kumhudumia bintiye aliyejifungua, alimwachia sinia la kuvumwani, ule ukijani laini unaotambaa kwenye mawe yenye unyevu, pamoja na chungu cha kangaga yenye majani kama vitana.

"Nitunzie," alisema. "Nikirudi nitakujibu lile ombi lako la ndoa."

Sasa kinyozi ajue nini zaidi ya chupa ya kunyunyizia? Asubuhi fyu, jioni fyu, juu kwa juu, kama vichwa vya wateja. Kuvumwani ikanawiri, kangaga ikanyong'onyea. Kisha akaona vidoa vya kahawia vimejipanga chini ya majani.

"Mapunye haya," alimwambia dada yake. Akatoa wembe mpya, akavikwangua vyote kwa upole, akapaka spiriti. Jamani, spiriti!

"Udongo umeutia maji?" dada akauliza.

"Mbona kuvumwani inanawiri bila hayo?"

Mwalimu aliporudi alichomeka kidole chunguni. Udongo ulikuwa mkavu kama unga.

"Mimea yote miwili haina maua wala mbegu, huzaa kwa spora, chembe ndogo kama vumbi," alisema. "Hapo imefanana. Lakini kuvumwani haina mizizi ya kweli wala mishipa. Hufyonza maji kwa mwili, ukiilowesha juu imeridhika. Kangaga ina mishipa, inavuta maji kutoka chini. Na hayo mapunye yako ndiyo yaliyobeba spora. Umewanyoa watoto wake."

Aibu ilimshika kinyozi, akakimbilia dawa yake ya siku zote. "Mwalimu, hata ukikasirika unapendeza. Tangu uondoke mtaa ulikuwa giza. Sauti yako tu inatosha kumponya mgonjwa."

Mwalimu alimsikiliza mpaka akaishiwa, kisha akapakata chungu chake.

"Sasa unaninyunyizia mimi, juu kwa juu," alisema. "Kuvumwani nakuachia. Mtaelewana."