Gari Lisilozimwa

Ukitaka kugombana na ukoo ule mzima kwa mpigo mmoja, sema neno baya juu ya lile gari. Ni la dizeli, la viti saba, na rangi yake ya krimu ilishageuka ya chai ya maziwa. Kila asubuhi unasubiri taa ndogo ya njano ya dashibodi izimike, unazungusha ufunguo, linaitikia. Limebeba mabibi harusi wanne, wagonjwa wasio na idadi, kabati la milango mitatu, na siku moja mbuzi wawili waliotulia kuliko watoto wa kwao. Halijawahi kuchemsha wala kumwacha mtu njiani. "Dizeli ni dizeli," husema Mwalimu, mdogo wa kiume wa mwenye gari, kwa sauti ya mtu aliyeliunda mwenyewe kiwandani.

Kuna jambo moja ambalo Mwalimu halitaji, kwa sababu halimgusi. Likishapata moto, gari lile halizimwi. Ukilizima haliwaki tena mpaka lipoe, na kupoa kwake ni saa mbili nzima, siku ya jua kali hata zaidi. Fundi alieleza vizuri tu: pampu ya dizeli imechakaa ndani, ikiwa baridi inasukuma mafuta bila taabu, ikipata moto mafuta yanakuwa mepesi na kupenya pembeni, nguvu ya kuwasha inakosekana. "Ni sawa na mtu mzima," alisema. "Akishasimama atatembea mpaka kesho. Usimkalishe tu." Alifundisha kuifunika pampu kwa taulo lililoloa maji baridi, na mwanzoni taulo lilisaidia. Siku hizi pampu imeshalizoea taulo.

Dawa yenyewe ilikuwa kuing'oa pampu, kuipeleka mbali kwa wenye mashine zake, na kuisubiri mwezi. Familia ilipopewa habari hiyo ilishtuka. Mwezi mzima bila gari? Wakajadiliana, wakakata kauli kwamba gari ni zima, halina ugonjwa wowote. Liachwe likinguruma, basi. Na wa kukaa nalo likinguruma akawa dada mkubwa.

Dada mkubwa ana miaka arobaini na tisa na ni mtaalamu wa maabara. Kazini hana mzaha. Huinamia darubini asubuhi mpaka adhuhuri, na madaktari wakiandikiwa jibu na yeye hawarudii kipimo. Baba yao alimkabidhi gari kwa sababu ndiye pekee aliyejua gia. Mwalimu husema yeye ni mtu wa otomatiki, ingawa hiyo otomatiki hajawahi kuwa nayo. Mdogo wao wa mwisho, ambaye mpaka leo na watoto wake watatu anaitwa Kitinda, husema usukani wa dizeli unamtetemesha hadi meno. Hawakuwahi kujifunza, na sioni kwa nini wangejifunza ilhali dada yupo.

Hivyo kwa miaka kumi na moja dada mkubwa amekuwa mtu wa nje. Harusi ya Kitinda aliisikia, hakuiona. Mwalimu alipopandishwa cheo kuwa mkuu wa shule, watu wote wamo katika picha za sherehe, na yeye yumo katika moja tu, kwa mbali, kiwiko chake dirishani. Watoto wa Mwalimu wanamwita Shangazi Nipo-Nje, kwa kuwa kila wakimpigia simu hilo ndilo jibu lake. Hucheka nao. Akifika kwake hacheki tena.

Baba yao alipofariki, alikuwa nje vilevile. Waliambiwa huenda mzee angeruhusiwa kurudi nyumbani siku ile, kwa hiyo akabaki kwenye maegesho ya hospitali na injini yake, dakika arobaini, akimwandalia mzee kiti cha mbele. Mwalimu akaja akagonga kioo na kutikisa kichwa. Hakuzima hata hapo. Watu wa kurudishwa nyumbani walikuwa wengi. Aliwapeleka wote, safari tatu, ndipo akalia peke yake mikono ikiwa kwenye usukani, na kilio chenyewe hakukisikia vizuri kwa ule mngurumo. Jambo hilo halijamtoka rohoni, na anayetaka limtoke aje anieleze litokeje.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua. Hospitali mpya, mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, ilimtaka awe mkuu wa maabara. Darubini mpya, wasaidizi wanne, chumba chenye madirisha. Alikuwa amesoma barua ile mara nyingi hadi mikunjo yake ikaanza kuchanika. Walitaka jibu kwa simu kabla ofisi haijafungwa saa tisa na nusu siku hiyohiyo, la sivyo nafasi ingepewa mwingine. Hakumwambia mtu. Alipanga kuwaambia wote pamoja, kwenye kikao cha familia saa sita, nyumbani kwa Mwalimu.

Kikao kilikuwa cha mama. Mama alianguka mlangoni mwa bafu wiki tatu zilizopita, na ingawa hakuvunjika, haikuwezekana tena akae peke yake. Ilibidi waamue atakaa kwa nani. Dada mkubwa alijua kabisa kwamba asiposema habari za barua kikaoni, mama atapelekwa kwake, na barua itabaki karatasi. Si kwamba hampendi mama yake. Anampenda kuliko wanavyompenda wale wawili wakijumlishwa, na hilo ndilo lililomtia hofu: mama akishawekwa mikononi mwake, asingeweza kumtua.

Akawachukua wote. Alimpitia Kitinda, akampitia mama, akawafikisha kwa Mwalimu saa sita kasoro kidogo, akalisogeza gari mpaka karibu na ngazi ili mama asitembee sana. Mama aliposhuka, yeye naye akashika ufunguo. Mwalimu alikuwa ameshafika dirishani.

"Usizime, dada. Mama ana daktari wa miguu saa nane."

"Najua. Lakini nilitaka kuingia. Nina neno la kusema."

"Utasema tu, nani atakuzuia? Ila ukizima hapa tutakwama. Yule daktari anakuja mara moja kwa mwezi."

Alikuwa na haki, na kila mara huwa na haki; ndiyo maana imechukua miaka kumi na moja. Akaachia ufunguo. Mlango wa sebule ukafungwa kuzuia moshi.

Akakaa. Kiti kilimtetemesha chini kwa chini kama kawaida. Aliona pazia la sebule, na nyuma ya pazia kivuli cha Mwalimu kikinyanyua mkono, kikishusha, kikinyanyua tena. Hata kwa kivuli unajua huyo ni mkuu wa shule. Alifungua mkoba, akaigusa barua, akaufunga. Alijiambia atahesabu mpaka mia kisha aingie, gari likinguruma bila mtu. Lakini ngazi zile ziko kwenye mteremko, na breki ya mkono ya gari lile ni ya kupumbazia watoto. Akaendelea kukaa, mguu kwenye breki, miaka arobaini na tisa, mtu mzima na akili zake. Alifungua kioo mpaka chini na bado hewa haikumtosha.

Saa saba na dakika chache Kitinda alitoka na kikombe cha chai, akampa kupitia dirishani.

"Tumemaliza," alisema, akitabasamu kwa moyo wote. "Tumeelewana bila hata kugombana, dada, ungekuwepo ungefurahi. Mama anakaa kwako."

"Nani amesema?"

"Sote. Mwalimu amesema wewe huna pilikapilika za watoto, halafu gari liko kwako. Hospitali, kanisani, msibani, mama atapelekwa bila usumbufu. Mimi nitakuja Jumapili nikusaidie kufua."

Dada mkubwa alikiweka kikombe juu ya dashibodi, na chai ikaanza kupiga vijiwimbi kwa mtetemo. Akavitazama kidogo. Halafu akaingiza gia, akageuza magurudumu yakaegemea ukingo wa ngazi, akazungusha ufunguo kinyume.

Gari likajitikisa mara mbili na kunyamaza.

Kelele isingewatoa ndani. Kilichowatoa ni ule ukimya. Mlango wa sebule ulifunguka, Mwalimu akatokea, mkewe nyuma yake, kalamu bado iko mkononi mwa Mwalimu.

"Limezimika?"

"Nimelizima."

"Umelizima? Kwa nini ulizime?" Aliuliza kwa upole, jinsi unavyomuuliza mgonjwa.

Alishuka garini. Alipanda ngazi, akapita katikati yao, akaingia sebuleni na kukaa kwenye kochi karibu na mama. Walimfuata wote wakasimama. Masikio yake yalikuwa bado yanavuma kwa ile dizeli, ikabidi aseme kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka.

"Nimepata kazi ya ukuu wa maabara, mji mwingine. Wanataka jibu leo kabla ya saa tisa na nusu. Nataka kwenda."

Kitinda alimtazama Mwalimu. Mwalimu aliitazama saa yake.

"Hongera," alisema. "Kwa kweli, hongera. Hilo tutaliongea kwa nafasi. Sasa hivi tatizo ni daktari. Saa saba na robo hii. Halipoi kabla ya saa tisa."

"Mtaimwagia pampu maji," alisema Kitinda.

"Maji hayasaidii siku hizi," akajibu dada mkubwa, na akajichukia kwa kujibu. Alikuwa amesema neno kubwa kuliko yote maishani mwake, na nukta chache tu baadaye ndugu wote watatu walikuwa wanaongea habari za pampu, yeye akiwemo.

Mama peke yake ndiye aliyebaki kwenye lile neno. Aliuliza polepole, "Una wasaidizi huko?"

"Wanne, mama."

"Wanne," mama alirudia, akaonekana kuwapanga kichwani mmoja mmoja.

Mke wa Mwalimu ni mwanamke wa maneno machache. Wakati wenzake wanabishana kama bonde la nyuma linatosha kulisukuma gari, yeye alikuwa ameshika simu. Hakuuliza mtu. Dakika kumi baadaye teksi ikapiga honi nje ya lango.

Dada mkubwa alisikia ile honi, akaitazama saa. Dakika kumi. Harusi ya Kitinda ilikuwa dakika kumi. Sherehe ya Mwalimu, ubatizo wa watoto, siku ile ya baba, yote yalikuwa ndani ya dakika kumi na simu moja, na katika miaka kumi na moja hakuna aliyeipiga. Hata yeye hakuipiga.

Walimsaidia mama kushuka ngazi na kumweka kiti cha mbele. Mwalimu akaingia nyuma, Kitinda akamfuata, kisha akajisogeza katikati na kupigapiga kiti kilichobaki. "Ingia, dada. Nafasi ipo."

Dada mkubwa alikuwa amesimama kati ya magari mawili. Mama alimwangalia kupitia dirishani.

"Wewe huji?"

"Gari bado la moto, mama."

"Liache."

Alifungua mdomo kusema sawa. Mkono ulikuwa tayari kwenye mlango wa teksi. "Tangulieni," alisema. "Nitawafuata likipoa."

Mama akageuza uso mbele. Teksi ikaondoka, lango likafungwa, na mke wa Mwalimu akarudi jikoni kwake.

Aliingia garini kwa mazoea, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha dereva. Hapakuwa na mtetemo. Chai kwenye dashibodi ilikuwa imetulia na kufanya utando. Ndipo maneno yake mwenyewe yakamrudia: nitawafuata likipoa. Hakuna aliyemwambia abaki. Mama alisema aliache. Kitinda alimwachia nafasi. Miaka yote hiyo alimlaumu Mwalimu na saa yake, na mara hii Mwalimu hakufungua hata kinywa. Ni yeye, kwa ulimi wake, aliyejifungia mlango. Aliogopa. Alijiogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu mwingine yeyote, kwa sababu aliona wazi kwamba angeweza kukaa hapo mpaka saa tisa, aliwashe, aende kuwachukua, amshushe mama nyumbani kwake, na asimlaumu mtu.

Alitoa simu na barua, akapiga namba ya chini ya muhuri. Iliita sana. Mwanamke akapokea, akauliza jina, akapekua karatasi zake bila haraka.

"Tulishadhani huji," alisema. "Unakuja?"

"Nakuja."

"Vizuri. Utaanza tarehe moja. Nyumba ya watumishi ipo, ila ni mbali kidogo na hospitali, kwa hiyo nakujazia fomu ya usafiri. Una gari lako?"

Ufunguo ulikuwa mkononi. Boneti mbele yake ilikuwa ikipiga vile vishindo vidogo vya chuma kinachopoa.

"Hapana," alisema. "Sina."