Betri Zilizowekwa Pa Baridi

Kwetu Ibra "baridi" ni neno la heri. Dawa weka pa baridi, tende weka pa baridi, mgeni akija mkaribishe akae pa baridi. Kwa joto letu, nani atakulaumu? Basi ndugu yangu mdogo aliponunua karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, na fundi wa dukani Nizwa akamwambia betri za lithiamu hazitaki joto, hakuuliza la pili. Akazifunga nje, chini ya sakafu, ndani ya sanduku lenye matundu, ati zipate upepo.

Mie nikasoma kikaratasi kilichokuja nazo. Kimesema waziwazi: zikiwa zimeganda hazipokei chaji, hujifunga zenyewe zisiharibike. Nikamwambia, "Zitie ndani, chini ya kitanda." Akacheka mpaka machozi.

"Dada, hapa Oman, siyo Urusi! Wewe shughulikia wali."

Lo! Mie niliyemfunga nepi, nishughulikie wali!

Sikuendelea kubishana, nisimharibie mama safari. Mama ana pumu, na baridi kavu humbana kifua. Mashine yake ya kuvuta mvuke wa dawa haiendi bila umeme. Lakini alitaka sana kupanda mlimani juu ya Nizwa mwezi wa Januari. Kazaliwa Unguja, kazeekea Ibra, barafu anaijua ya friji tu.

Tulilala na hita inawaka. Asubuhi maji ya ndoo yameganda juu, na mama anayagonga kwa kidole, anacheka peke yake. Mara akakohoa, kisha ukaja ule mluzi wa kifuani. Dawa ya kupuliza ya mkononi haikumtosha. Nikawasha mashine, kimya. Hita ilikuwa imekula umeme wote. Jua linapiga paneli za sola juu ya paa, kweupe pe, na kioo cha chaji kinaonyesha sifuri. Plagi ya mashine haingii garini, na njia ya kushuka ni mizunguko mitupu.

Nikasema, "Betri zimeganda."

Ndugu yangu hakunigeukia hata. Kampigia simu fundi, tena kwa adabu zote, "Naam, ustadhi, naam." Fundi, aliyekaa zake dukani huko chini, akamwambia zikikataa chaji zimepata moto, azifungulie zipoe. Na yeye akaenda akafungua! Wallahi alifungua sanduku, upepo wa mlimani ukaingia wote.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu pale ni mie, na guu lililotaka kuvunjika ni la mama yetu.

Mama akajivua blanketi, akalinyoosha mbele. Kusema hawezi, anaonyesha kwa mkono tu: zifunikeni. Hapo nilipasuka.

"Mama, jifunike! Na wewe, vua joho!"

Joho la sufu, la harusi yake, kalivaa apige picha. "Dada, lakini hili..."

"Vua, nshasema!"

Akavua. Nikachemsha maji kwa gesi, nikajaza kila chupa tuliyokuwa nayo, nikazibana na betri, nikafunika joho juu, nikaziba na matundu yake yale. Tukangoja. Mama anavuta pumzi kwa mabega, nami namsugua mgongo huku namtukana fundi na aliyemwamini fundi, namlia Mungu, kisha naanza tena kutukana. Nilikuwa naogopa, na hasira ndiyo iliyonisimamisha.

Chaji ikaanza kuingia, kidogo kidogo. Mashine ikanguruma, mvuke ukatoka, na mluzi wa kifuani ukalegea. Ndugu yangu kasimama na kanzu tupu, meno yanagongana, simu bado mkononi.

"Nimwambie fundi zimekubali?"

Mama akakiondoa kifuniko cha mashine mdomoni. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

"Mwanangu, fundi yuko Nizwa. Dada yako alikuwa kasimama hapa hapa."

Akakirudisha kifuniko, akaendelea kuvuta dawa. Ndugu yangu joho lake hakulipata mpaka dawa ilipokwisha.