Mkono wa Dokta na Rafu za Maharamia

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh, mudiri, yaani meneja, wa ofisi ya madereva pale Sulimaniyah alinipa funguo za gari na kunielekeza kwenye nyumba moja mtaa wa Malaz. "Mzee mmoja, vitabu vingi," alisema bila kuinua macho. "Mafi mushkila, hakuna shida. Yalla, nenda." Nilikuwa nimejiandaa kuendesha gari. Sikujua kwamba ningekaa mbele ya rafu miaka mingi kuliko nyuma ya usukani.

Mzee huyo alikuwa mwanahistoria aliyestaafu chuo kikuu, na kila mtu alimwita Dokta. Alikuwa ameandika vitabu kadhaa kuhusu Uingereza ya kale, enzi za wafalme na malkia waliotawala kabla ya treni na meli za mvuke, na hasa kuhusu maharamia wao. Sebule yake ilikuwa kuta za vitabu na kiti kimoja katikati. Mapazia yalifungwa mchana kutwa ili jua lisichome majalada. Mwanga uliopenya ulikuwa na rangi ya chai hafifu, kiyoyozi kilivuma polepole, na baada ya saa za mchana nilianza kuhisi kwamba chumba kizima kimetia nanga mahali pasipo na mji.

Safari za gari zilikuwa chache, kwa hiyo nikapewa brashi ya kufutia vitabu. Anayeanza kazi hii ajue kwamba adui wa kitabu Riyadh ni vumbi. Hulipulizi kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina maji. Unakishika kitabu kikiwa kimefumbwa kwa nguvu, unapitisha brashi laini kutoka mgongoni, yaani upande ulioshonwa, kuelekea nje. Kisha unakirudisha mahali pake. Hapo kwenye "mahali pake" ndipo ilipokuwa kazi yenyewe, kwa maana Dokta alikuwa akipoteza macho.

Hakuwa amemwambia mtu. Niligundua nilipoona ananyoosha mkono kuchukua kitabu bila kugeuza kichwa. Nikataka kumsogezea.

"Acha," alisema. "Mkono unajua."

Vitabu vyake havikufuata alfabeti wala tarehe. Vilifuata mkono. Vya mahakama zilizowahukumu maharamia vilikuwa kushoto, kimo cha bega. Vya miji ya bandari vilikuwa chini, karibu na goti. Kulia vilikaa vya manahodha waliopora meli za adui kwa idhini ya mfalme.

"Tofauti yao na haramia ilikuwa nini, baba?" aliuliza siku moja Rukia, mpishi wetu kutoka Mombasa, akiweka kahawa.

"Karatasi yenye muhuri," alijibu Dokta. "Ukiwa nayo, wewe ni mtumishi wa mfalme. Ukiikosa, unanyongwa."

"Basi ni ikama hiyo, kibali chetu cha kukaa huku!" alisema Rukia. Dokta alicheka hadi kahawa ikamwagika.

Macho yalipofifia kabisa, binti yake, Madam Huda, alitaka baba yake ahamie kwake Jeddah. Dokta alikubali upesi. Alikuwa amebakiza sura moja tu ya kitabu chake cha mwisho, kuhusu maharamia wa Kiingereza waliovizia kwenye mlango wa Bahari ya Shamu meli zilizowarudisha mahujaji. Alisema anataka kuiandika akiwa mahali ambapo mahujaji hao walipandia meli. Vitabu vilitangulia kwa lori. Mimi, Dokta na Rukia tulifuata kwa gari, tukakata jangwa tangu asubuhi, na milima ilipoanza Dokta alikuwa amelala, mkono wake wa kushoto ukipapasa hewa.

Madam Huda alikuwa ametaka kumfurahisha. Aliwaita mafundi, wakapanga vitabu kwa urefu na rangi, vyekundu na vyekundu, vya kijani na vya kijani. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote nilivyopata kuviona.

Dokta aliketi, akanyoosha mkono kushoto, akachukua kitabu. Alipapasa mgongo wake, akakinusa, akakirudisha. Akachukua kingine. Baada ya cha tatu aliweka mkono gotini.

"Halas, imekwisha," alisema. "Mpigieni mchapishaji. Mwambieni kitabu hakitakuwepo."

"Lakini, baba, vimepangwa vizuri. Kila mtu anasifu."

"Kila mtu ana macho, binti yangu."

Asubuhi yake nikaomba ruhusa, nikaketi katika kiti chake. Kichwani sikukumbuka mpangilio wa Malaz; mkono uliokuwa umeshika brashi ndio uliokumbuka. Nikafumba macho, Rukia akawa ananipa kitabu kimoja kimoja.

"Ukiniangushia kwenye kidole, kaka Mutua, ndipo utayafumbua," alisema.

Madam Huda alisimama mlangoni akitutazama. Baadaye akavua viatu, akaingia, akaokota kitabu.

"Hiki?"

Nilikipima uzito. "Chini, madam, kwenye goti. Bandari."

"Na hiki?"

"Begani. Mahakama."

Tuliendelea hivyo siku nyingi. Jeddah adui si vumbi, ni unyevu. Ilibidi kuacha upana wa kidole kati ya kitabu na kitabu ili hewa ipite, kwa hiyo safu zilirefuka na kila kitu kikasogea kidogo. Sikujua kama mkono wa Dokta ungekubali. Siku ya kumwita, Madam Huda alikuwa ameziba mdomo kwa shela.

Dokta akaketi, akanyoosha mkono kushoto. Ukagusa pengo, ukasita, ukateleza kidogo mbele, ukashika. Akakifungua kitabu, akakinusa.

"Kimenenepa," alisema. "Jeddah wanakula vizuri."

Rukia alipiga kigelegele. Dokta alinipa kitabu nisome, na asubuhi hiyohiyo akaanza kutamka sura yake, Madam Huda akiandika.

Sikuona mwisho wa sura hiyo. Mgongo wangu ulichoka kabla yake, nikaaga, nikarudi Machakos. Vijana wanaojiandaa kwenda huko huniuliza nilifanya kazi gani. Nikisema dereva, wanaridhika. Nikisema nilijifunza urefu wa mkono wa mtu mmoja, wananitazama. Lakini kumtumikia mtu ni kupima vitu kwa mwili wake, si kwa macho yako, na hilo halifundishwi ofisini.

Juzi nilipiga simu kumjulia hali Dokta. Madam Huda alipokea kwa kunong'ona.

"Mutua, piga baadaye. Baba yuko kazini."

Kabla hajakata nilisikia kitabu kikitoka rafuni, na sauti ya Dokta nyuma yake: "Soma, binti yangu."