Laini ya Mtoto

Tulimwita Bi Kalamu kwa sababu huandika neno lilelile alilolisikia. Miaka kumi na tisa amekaa kaunta ya pili ya duka la simu, mimi ya tatu, na sikuwahi kumwona akifuta kitu.

Ilipokuja sheria ya watoto na simu, kila laini ikabidi iandikwe upya: ya mtu mzima au ya mtoto. Ya mtoto haiingii mtandaoni, na hupokea simu za mzazi tu.

Siku ya pili ya sheria, saa tano na robo asubuhi, akaingia dada mmoja na bahasha ya vyeti.

“Laini yangu imefungwa tangu jana. Hospitali wananipigia kabla ya saa sita. Wasiponipata, kazi ya uuguzi wanampa mwingine.”

Bi Kalamu akatazama kompyuta. “Imeandikwa ya mtoto.”

“Mimi? Nina miaka ishirini na tisa!”

Kumbe baba yake, seremala, ndiye aliyekuja kuiandikisha upya, kwa jina lake yeye baba. Bi Kalamu aliyakumbuka hata maneno: “Ni ya mtoto wangu, kitinda mimba.” Naye akaandika alichosikia.

Kubadilisha, lazima mzazi athibitishe kwa sauti yake. Bi Kalamu akapiga. Kimya. Akapiga tena.

“Yuko kwenye msumeno,” dada akasema. “Hasikii kitu.”

Akakaa, akasimama, akakaa. Bi Kalamu akafungua kalamu, akaifunga.

“Mtoto apelekwe shule, sisi tupite!” mtu akatania kwenye foleni. Dada akageuka. Kicheko kikafa.

Saa sita kasoro dakika kumi, seremala akapokea.

“Mzee wangu, mtoto wako ana miaka mingapi?”

“Yupi, wa mwisho? Ishirini na tisa.”

“Mbona ulisema mtoto?”

“Kwani si mtoto wangu, mama? Ulitaka nimwite nani?”

Bi Kalamu akarudi kwenye neno ‘mtoto’ kwenye kompyuta. Akafuta.

Papo hapo simu ya dada ikaita. Akaitazama: baba yake. Akafumba macho, akapokea.

“Baba, kata! Unaziba njia!”

Dakika nne zikapita. Ikaita tena, namba ngeni. Akapokea amesimama wima kama yuko mbele ya mwalimu.

“Ndiyo, ni mimi… Miaka? Ishirini na tisa… Jumatatu? Nitafika!”

Bi Kalamu akashusha pumzi, akamgeukia mama aliyefuata, aliyekuja na fomu.

“Hii ni ya mtoto wangu,” mama akasema.

“Mtoto,” akauliza Bi Kalamu, kalamu ikiwa bado hewani, “wa mwaka gani?”